Kuugua Pole

Anayekwenda kumjulia hali mgonjwa aghalabu humwambia, "Ugua pole." Maneno haya yamezoeleka mno hata maana yake haisikiki tena. Waama, hayamwombei mgonjwa kupona. Yanamtakia augue kwa upole. Kwa mwenye homa ya siku tatu, pengine ni adabu tu. Lakini kwa mwenye kisukari, baridi yabisi au maumivu ya mgongo ya miaka kumi, ambaye daktari ameshamweleza kuwa maradhi yake ni ya kuishi nayo, ni vigumu kupata dua iliyo ya kweli zaidi. Je, mtu huuguaje pole?

Mnamo mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester, Marekani, mwanabiolojia Jon Kabat-Zinn alianza kuwapokea wagonjwa wa aina hii, waliokwisha kuzunguka kwa madaktari bila nafuu ya kutosha. Aliwafunza taamuli kwa majuma kadhaa. Desturi hiyo aliichota katika mapokeo ya Kibudha, akaivua vazi la dini ili kila mgonjwa aweze kuitumia. Zoezi moja la mwanzo ni jepesi ajabu: kula zabibu kavu moja, taratibu, baada ya kuitazama, kuipapasa na kuinusa. Katika zoezi jingine mgonjwa hulala chali na kuupitia mwili wake kwa makini, kuanzia vidole vya mguu hadi utosini, pasi na kukiruka kiungo kinachouma.

Hapo pasi na kukiruka ndipo penye kazi. Maumivu sugu hayaji peke yake. Huandamana na hofu ya kesho, hasira, usiku usio na usingizi, na misuli inayojikaza kabla hata ya kuguswa. Taamuli haiung'oi ugonjwa. Humfunza mgonjwa kutambua lipi ni la mgongo na lipi ni la woga.

Mwaka 2016 jarida la tiba la JAMA lilichapisha utafiti uliowahusu watu wazima 342 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baada ya wiki 26, asilimia 60.5 ya waliopangiwa mafunzo haya walikuwa wamepata nafuu ya maana katika shughuli zao, ilhali kwa walioendelea na matibabu ya kawaida ilikuwa asilimia 44.1. Waliopangiwa tiba ya kisaikolojia ya kurekebisha fikra walifikia asilimia 57.7, kwa hivyo anayeiuza taamuli kama muujiza anawalaghai wagonjwa. Tena mwenye kisukari anayehitaji insulini ataihitaji vilevile baada ya kuketi kimya saa nzima. Kuna wanaohubiri kinyume, na madhara yake hayawafiki wao.

Limebaki suala la neno. Wengi huiita shughuli hii "kutafakari", istilahi inayoweza kumpotosha mgonjwa. Akiambiwa atafakari maradhi yake atashangaa, kwani hilo ndilo alifanyalo kila usiku hadi majogoo: ada ya shule, bei ya dawa, nani atawalea watoto. Kutaamali ni kutazama kwa makini. Mgonjwa aambiwe aitaamali pumzi yake, inavyoingia na inavyotoka, na mawazo ya ada yanapomjia ayaone, kisha airudie pumzi.