Kimya Kinachozaa Wimbo

Kwetu Walikale, mtu akikaa peke yake bila kusema neno, watu wanamuuliza mara moja: "Uko mgonjwa? Nani amekukosea?" Tumezoea kelele: jenereta ya duka, redio ya jirani, pikipiki zinazopita na mizigo, telefone inayolia hata katikati ya sala. Basi tulipoanza kukaa kimya kila asubuhi kabla ya kutunga nyimbo, wengine walisema tumepotelewa na akili, na wengine walifikiri tumeingia dini mpya. Tunaandika kurasa hizi ili kueleza kwamba si dini mpya. Tulirudia jambo la wazee wetu ambalo tulikuwa tumelisahau.

Kikundi chetu kina watu tisa: Wanyanga, Wakumu, na Mhunde mmoja aliyetoka Masisi. Tunaimba katika arusi, katika matanga na katika sherehe za shule. Kwa miaka mingi kazi yetu ya kutunga ilikuwa rahisi. Tulichukua sauti ya wimbo uliovuma redioni kutoka Goma ao Kinshasa, tukabadilisha maneno, na jioni moja wimbo ulikuwa tayari. Watu walicheza, walitupa pesa kidogo, tukarudi nyumbani na furaha.

Siku moja mama mmoja, jirani yetu, alifiwa na mtoto wake wa miaka sita kwa homa. Alituomba tumtungie wimbo wa kumaliza matanga. Tulifanya kama kawaida yetu. Tulipomaliza kuimba, mama yule alitushukuru kwa heshima, kisha akasema polepole: "Mwimbo ni muzuri. Lakini haiko ya mtoto wangu."

Hatukuwa na la kujibu. Alisema kweli. Wimbo ule ungeweza kuimbwa kwa mtoto ye yote, wa kijiji cho chote. Tulikuwa hatujamfikiria mtoto yule hata dakika tano.

Tulikwenda kumwona mzee mmoja ambaye sisi wote tunamwita koko. Ujanani alikuwa mtegaji porini na mwimbaji. Tukamweleza aibu yetu. Alicheka kidogo, kisha akatuambia: "Batoto, muko naimba na kinywa, roho iko fasi ingine. Habafukuzake mwimbo sawa kuku. Mukae, itakuja." Alitueleza kwamba yeye alitunga nyimbo zake akiwa anangojea kwenye mitego. Mtegaji hana ruhusa ya kupiga kelele. Anakaa, anasikiliza, na baada ya muda masikio yake yanafunguka.

Tukaanza. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, tulikwenda kando ya mto Lowa. Telefone zilibaki nyumbani. Tulikaa juu ya mawe, mgongo wima, tukafuata pumzi inavyoingia na inavyotoka. Mawazo yalipokimbia kwenda kwenye deni la sukari ao kwenye maneno ya wakwe, tuliyarudisha bila kujikasirikia. Baada ya pumzi tulisikiliza: maji, ndege, mchi wa mama anayetwanga sombe ng'ambo ya pili. Dakika kumi na tano tu. Kusema ukweli, wiki ya kwanza ilitushinda. Wawili walisinzia, na mmoja aliumwa na siafu akaruka akipiga makelele. Lakini wiki ya tatu tuliona kitu: tulianza kusikia sauti moja moja katika kelele, kama mtu anayetenganisha uzi uliofungamana.

Wasomaji wengine watasema haya ni mambo ya Wahindi na Wazungu. Ni kweli kwamba wao wanayo pia. Mwaka 1968 wanamuziki wa Uingereza, wale Beatles, walikwenda Rishikesh, India, kujifunza kutafakari, na huko walitunga nyimbo nyingi, ambazo sehemu kubwa ziliingia katika sahani yao ya mwisho wa mwaka ule. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa katika chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, kutulia na kuangalia pumzi yao ili kupunguza maumivu na wasiwasi. Na mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba namna za kutafakari hazizai matunda sawa. Kuacha akili wazi, ikipokea kila kinachopita bila kukishika, kuliwasaidia watu kupata mawazo mengi na tofauti. Kukaza akili juu ya kitu kimoja hakukuwa na nguvu hiyo. Tuliposoma hayo tulimkumbuka koko na mitego yake. Mtegaji hajui ni mnyama gani atakuja, kwa hiyo anafungua masikio kwa wote.

Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari. Nchi hii ya Wanyanga ndiyo iliyozaa utenzi wa Mwindo. Mwaka 1956 mtambaji wetu, Candi Rureke, aliutamba mbele ya Daniel Biebuyck na wasaidizi wake kwa siku 12, akiimba, akicheza na kusimulia huku wao wakiandika. Kitabu kilitoka mwaka 1969, kikiwa kazi ya Biebuyck pamoja na mwana wa Wanyanga, Kahombo Mateene. Rureke aliitwa She-Karisi, kwa sababu watambaji waliaminiwa kuwa wako chini ya ulinzi wa roho aitwaye Karisi. Tunaelewa hivi: mtambaji hakujiona kuwa mwenye mali ya wimbo. Alijifunza kwanza kwa kumsaidia mtambaji mkubwa, na alijua kwamba wimbo unatoka mahali pengine na unampitia. Mtu wa namna hiyo lazima ajue kunyamaza.

Hata Mwindo mwenyewe anatufundisha. Baba yake, Shemwindo, alimkataa, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mle gizani, Mwindo aliimba. Baadaye, alipokuwa shujaa mwenye kujisifu, Nkuba, mwenye radi, alimpandisha mbinguni, akakaa huko mwaka mzima akipigwa na baridi na jua, mpaka majivuno yakaisha. Aliporudi, hakurudi na majigambo, alirudi na mafundisho kwa watu wake.

Kuna jambo moja zito ambalo hatuwezi kuliruka. Kimya hakiko cha namna moja. Katika Walikale na Masisi, watoto wetu wamefundishwa kimya kingine, kile cha kujificha. Mwaka 2025, mwezi wa tatu, M23 walipoingia Walikale-centre, wengi wetu tulikuwa porini na mabidoni na magodoro, mikono yetu ikiziba vinywa vya watoto wachanga wasilie. Waliondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne, lakini kimya kile hakikuondoka pamoja nao. Tuliporudia mahali petu kando ya mto, mmoja wetu alifunga macho, akaanza kutetemeka. Alisema: "Nikifunga macho, narudi kule."

Hapo tulijifunza kwamba kutuliza akili si dawa ya kumnywesha kila mtu kwa nguvu. Tulibadilisha. Anayetaka anafumbua macho na kuangalia maji. Anayeogopa anashika ngoma mikononi, aikamate ngozi yake, ajue yuko hapa na leo. Mwingine anatembea polepole. Hakuna anayekaa peke yake. Kimya cha woga kinafunga masikio, kwa sababu kinangojea sauti moja tu, ya risasi. Kimya tunachokitafuta kinafungua masikio, mtu asikie tena ndege na mchi na pumzi ya jirani yake.

Na ule wimbo wa mtoto? Tulirudi kwa mama yule, miezi mingi baada ya matanga. Safari hii hatukuenda na biki na kaye. Tulikaa naye uani, tukamsaidia kuchambua sombe, na hatukuuliza kitu. Baada ya muda mrefu alianza kusema mwenyewe. Alisema kwamba mtoto wake alikuwa anapiga kijiko juu ya sufuria kila jioni, mapigo matatu kisha moja, mpaka alikuwa anamkaripia. "Sasa jioni iko kimya," alisema.

Kesho yake, kando ya Lowa, mmoja wetu alianza kupiga jiwe kwa kijiti: mapigo matatu, kisha moja. Wengine wakaingia. Wimbo ulikuja mfupi, wa maneno machache sana. Tulipomwimbia, mama hakusema kama ni mzuri ao mbaya. Aliingia jikoni, akatoka na kijiko na sufuria, akapiga pamoja nasi.

Basi, vijana wetu watunzi, hatuwakatazi studio wala redio. Sisi pia tunazipenda. Tunaomba jambo dogo tu. Kabla ya kutafuta maneno, tafuteni dakika kumi na tano za kusikiliza. Kisha nendeni mkawasikilize wale mnaowaimbia, maana mtu anayetulia peke yake bila kuwajua watu atatunga wimbo wa peke yake. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na sisi tuliona kwa macho yetu kwamba hata huzuni, ukiipa nafasi, inakuja na pigo lake.