Chupa ya Kitaliano, wali wa Ubaruku

Msomaji wangu, usinicheke. Nilishuka basi pale Igawa na chupa ya Soave kwenye begi, nimeiviringisha fulana. Nikapita Rujewa, nikaingia Ubaruku, mpunga mpaka macho yanachoka. Shamba kubwa la pale lilijengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, na maji yake ni ya mto Mbarali.

Kwa nini Soave? Kwanza, ukiilinganisha na mivinyo yenye majina makubwa, bei yake haitishi. Pili, inatoka karibu na Verona, kaskazini mwa Italia, na huko nako wanalima mpunga! Zabibu yake kuu inaitwa Garganega.

Umeme ulikuwa umekatika. Tukaifunga chupa kwa gunia lililoloa, tukaiweka kivulini penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Saa moja na ushei, mambo poa.

Mjomba akainusa kama mtu aliyepewa dawa. "Huu si ulanzi wa Wazungu huu?"

Hakukosea sana. Ulanzi wa Iringa hugemwa kwenye mwanzi, huu umetoka kwenye zabibu, na vyote huchachuka. Ila ulanzi mbichi ni mtamu, wakati Soave hii si tamu: ina ukali wa limau, halafu mwishoni uchungu kidogo kama wa lozi.

Anti akaleta wali na perege wa kukaanga. Hapo ndipo raha ilipoanza! Ule ukali unakata mafuta ya samaki, na wali unatuliza kinywa. Nikajitia kuongeza pilipili. Kosa! Kinywa kikawaka, ladha ya mvinyo ikapotelea mbali. Wewe usirudie.

Kwa kidomodomo changu nikasema, "Halafu mjomba, ni wa bei nafuu."

Akauliza shilingi ngapi. Nikataja. Akanyamaza, akatazama shambani. Kumbe mpunga ule alishauuza ungali kijani, kwa bei ya kutupa, apate ada ya mtoto.

"Nafuu kwa nani, mpwa wangu?"

Aibu niliyoipata, we acha tu! Chupa tuliimaliza, tena kwa vicheko, maana mjomba hana kinyongo. Lakini nimekata shauri: msimu ujao hela yangu itatangulia, ada ilipwe kabla mlanguzi hajabisha hodi. Soave nitakuja nayo mpunga ukishaingia ghalani. Pilipili nitaiacha mjini.