Aliishiwa Pumzi Jukwaani, Mitandao Ikasema Ana Mimba: Kumbe Shida Ilikuwa Kiunoni

Klipu yenyewe ilikuwa ya sekunde chache tu. Dada kapanda jukwaani, gauni la kung'aa, kiuno cha nyigu, bendi inapiga laivu. Anafika kwenye kiitikio, pale kwenye noti ndefu ambayo kila mtu anaisubiri, sauti inakatika katikati kama simu iliyoishiwa vocha. Anajaribu tena. Inakatika tena. Halafu anashika stendi ya maiki, magoti yanalegea, anakaa chini.

Kabla hajafika hospitali, mitandaoni kesi ilishahukumiwa. Ana mimba. Anatumia unga. Karogwa na mwenzake. Wengine wakasema hajui kuimba, siku zote anabebwa na pleibeki. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomuuma zaidi, maana nusu yake ilikuwa kweli.

Jina linahifadhiwa, lakini mkasa wake una funzo kwa wengi. Miaka minne alifanya shoo za pleibeki: wimbo unapigwa, yeye anacheza na kuitikia juu juu. Ile ilikuwa shoo yake ya kwanza ya bendi tangu apate jina. Na kwa miezi saba, kila alipotoka alivaa kitu ambacho mashabiki hawakukiona: mkanda wa kubana tumbo, ule wenye kulabu mistari mitatu, unaoanzia chini ya matiti hadi kwenye nyonga. Hakuuvaa kwa urembo tu. Alikuwa balozi wake. Kila wiki anaposti, mkwanja unaingia, kodi ya nyumba ya mama yake inalipwa.

Aliyejua jinsi mkanda unavyomtesa alikuwa mmoja tu, mwitikiaji wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimfunga kulabu huku kamwekea goti mgongoni. Shosti huyo ana kifua. Hakuwahi kumwambia mtu.

Hospitali wakapima moyo, uko sawa. Mimba, hakuna. Wakampeleka kupiga picha ya kifua, na manesi ndio waliomvua mkanda. Daktari wa zamu, kijana tu, akaifungua picha kwenye skrini akamwita aone mwenyewe. Akaanza kumhesabia mbavu kwa ncha ya kalamu.

"Mbavu 12 kila upande, mwanamke na mwanaume sawa sawa, usisikilize za vijiweni. Nyuma zote zimeshikana na uti wa mgongo. Mbele, 7 za juu zinafika kwenye mfupa wa kidari, kila moja kwa gegedu lake. 3 zinazofuata zinajishikiza kwenye gegedu la ubavu wa juu yake. 2 za mwisho hazifiki mbele kabisa, zinaelea."

Kati ya ubavu na ubavu kuna misuli. Ndiyo ile nyama unayoing'ang'ania ukila mbavu za mbuzi choma. Na chini ya mapafu kuna msuli mmoja mpana, mwembamba, unaotenganisha kifua na tumbo. Umeshikizwa kwenye kidari, ukazunguka mbavu za chini, ukaishia kwenye uti wa mgongo. Unaitwa kiwambo, kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Ila ngozi ya ngoma hii haijalala bapa, imebinuka juu kama kuba la msikiti. Kwenye picha, kuba la kulia lilikuwa juu kidogo kuliko la kushoto, kwa sababu ini liko chini yake.

Dada alidhani mapafu yanajivuta yenyewe. Hapana, mapafu hayana msuli wa kujivuta. Kiwambo kikijikaza kinashuka, na mbavu za chini zinafunguka pembeni kama mshikio wa ndoo unapoinuliwa. Nafasi ya ndani inaongezeka, presha inapungua, hewa inaingia. Ukiwa umetulia, pumzi moja ni kama nusu lita, na kiwambo kinashuka sentimita 1 au 2 tu. Ukivuta kwa nguvu kinaweza kushuka hadi kukaribia sentimita 10. Sasa kikishuka hivyo, ini na utumbo lazima visogee, na pa kwenda ni mbele. Ndiyo maana mtoto mchanga akilala unaona tumbo linapanda na kushuka.

"Wewe umefunga mlango wa pembeni na wa mbele," daktari akamwambia. "Mbavu hazifunguki, tumbo halitoki, kiwambo hakina pa kushukia. Umebaki kupumua kwa mabega. Ukiwa umekaa kwenye kochi unapiga selfi, inatosha. Ukicheza na kuimba chini ya taa za moto, na hujala tangu asubuhi, haitoshi."

Akamuuliza kama huwa anapata kiungulia. Kila siku, na muda wote alikuwa akilaumu pilipili. Daktari akamwonyesha: njia ya chakula inapita kwenye tundu la kiwambo kabla ya kufika tumboni. Ukilibana tumbo, asidi inasukumwa juu.

Dada akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililokuwa limemkaa rohoni tangu jukwaani.

"Kwa hiyo sauti yangu haijaisha?"

"Sauti ipo. Hewa ndiyo haipo."

Wiki iliyofuata yule shosti akampeleka kwa mama mmoja mkongwe wa taarabu, ambaye amekuwa akiimba beti ndefu kwenye kiti tangu wao hawajazaliwa. Mama hakusema habari za mbavu 12. Alimwekea mikono ubavuni, chini kabisa, akamwambia, "Vuta, unisukume." Mikono haikusogea. "Tena." Haikusogea. Akamlaza kwenye mkeka, akamwekea pakiti ya sukari ya kilo tumboni. "Ipandishe hiyo. Halafu pumzi usiimwage. Itoe kama mtu anayehesabu hela za watu."

Bila kujua, bibi alikuwa akisema kile kile cha daktari. Ukishajaza kifua, mbavu na mapafu vinataka kurudi vyenyewe, na hewa yote inatoka kwa mkupuo. Mwimbaji anauzuia huo mkupuo: mbavu zinabaki wazi, misuli ya tumbo inasukuma taratibu. Siku ya kwanza dada alitoa "sss" akafika hesabu ya 11. Baada ya wiki sita, 32.

Lakini mazoezi hayakuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa mkataba. Meneja akamwambia wazi, "Kiuno chako ndicho kinachouza. Sauti tutairekebisha studio." Akivunja dili, anarudisha sehemu ya hela ambazo zilishaliwa. Alikaa siku tatu bila kujibu simu. Ya nne akampigia mama yake, akamweleza kuhusu kodi.

Mama akamwambia, "Mwanangu, kabla hujawa staa nilikuwa nakaa chumba kimoja Tandale. Njia sijaisahau."

Mkataba ukavunjwa. Hela zikarudishwa kidogo kidogo. Mama hakurudi Tandale, ila alihama nyumba ya vyumba vitatu akaingia ya viwili, na makochi mengine yakauzwa. Hilo halikupostiwa popote.

Shoo ya kurudi ilikuwa ndogo, watu hata mia mbili hawakufika. Gauni pana, hakuna mkanda. Kabla ya kiitikio tumbo lilionekana wazi kabisa likitoka mbele, akaishika ile noti, akakaa nayo, akaishusha alipotaka mwenyewe. Mpiga kinanda alimgeukia akacheka.

Komenti zilikuja kama kawaida. Kanenepa. Kaachwa. Safari hii mimba ni ya kweli. Katikati yake mtu mmoja akaandika, "Leo kaimba." Hiyo peke yake ndiyo aliyoilaiki.

Sasa wewe unayesoma hapa huku umejifunga mkanda ofisini: fungua kulabu mbili, weka mikono kwenye mbavu za chini, vuta pumzi. Kama mikono haisogei, umeshajua. Na kama kifua kinakubana au unaona kizunguzungu, nenda hospitali ukapimwe. Usisubiri majibu ya kwenye komenti.