Mgeni Kanisani Mombasa

Mtu wa bara afikaye Mombasa mara ya kwanza, akionyeshwa lile jengo lenye kuba akaambiwa ni kanisa, yumkini asisadiki. Walakini ni kanisa kweli, lililojengwa kati ya 1903 na 1905 kwa ukumbusho wa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885.

Lakini kimtishacho mgeni si jengo, ni watu. Ataketi wapi? Je, wakisimama wote naye ameketi? Na atulie. Katika makanisa mengi ya Kianglikana nchini Kenya yupo mzee mlangoni, ambaye humwamkia, humpa Kitabu cha Sala na kumwonyesha nafasi. Akae nyuma kidogo, asimame wasimamapo wengine. Mfuko wa sadaka ukimfikia naye hana kitu, aupitishe tu. Na wakati wa Chakula cha Bwana, asiyepata kipaimara aweza kubaki kitini bila aibu.

Gumu ni saa ya matangazo, wageni waambiwapo wasimame wataje majina yao na watokako. Wenyeji huona ni heshima, hata hupiga makofi. Lakini mwenye haya hutoka jasho, na wako wasiorudi tena kwa sababu hiyo tu. Ingekuwa vema mzee amwulize kwanza kule mlangoni.

Baada ya ibada mara nyingi huwa kuna chai. Hapo ndipo mgeni ajuapo kama amekaribishwa: mtu akimletea kikombe, akamwuliza kwao ni wapi, kisha akangoja jibu.