Maji ya Moyo

Jumanne, 14 Mei 2024. Garsen

Mto unashuka, ila mashamba ya bondeni bado yamejaa maji. Foleni nzima ilikuwa malaria na kuhara, mpaka akaingia mzee mmoja mfugaji, Muorma, kashikwa mkono na bintiye. Tumbo limejaa, miguu imevimba, usiku halali ila kaegemea. Ametibiwa ini kwingine kwa wiki kadhaa. Mfukoni ana vidonge vya kumkojosha.

Mimi nilianza kuona shingo. Mishipa imetuna mpaka chini ya taya, na huku ameketi wima. Ini peke yake halifanyi hivyo. Presha 90 kwa 70, na kila akivuta pumzi ile ya juu inashuka kwa zaidi ya 10. Mapafu safi. Moyo nausikia kwa mbali sana.

Nimemwambia aviache vile vidonge. Moyo uliobanwa na maji kwa nje unahitaji damu ya kutosha ili ujae. Ukimkausha mgonjwa wa namna hii, unammaliza. Ameondoka na ambulansi ya jioni kwenda Malindi.

Alhamisi, 16 Mei

Malindi wamepiga simu. Kwenye eksirei moyo umekaa kama kibuyu cha maziwa, na picha ya eko imeonyesha maji pande zote. Wametoa karibu lita nzima, ina wekundu. Mfuko unaouzunguka moyo kwa kawaida una mililita 15 hadi 50 tu, za kulainisha. Mzee aliweza kutembea na lita kwa sababu ilijaa polepole, mfuko ukapata muda wa kutanuka. Mtu aliyechomwa kisu moyoni, mililita 200 za damu zinatosha kumuua kwa dakika chache.

Vijidudu vya TB havikuonekana kwenye maji. Mara nyingi havionekani. Wameanza zile dawa nne za TB bila kungoja, na wamefanya vizuri: kwetu Afrika, maji ya aina hii mshukiwa wa kwanza ni kifua kikuu, hasa kwa wenye virusi vya UKIMWI. Mzee hana virusi.

Jumapili, 19 Mei

Stima imerudi. Nimeusoma tena utafiti wa Bongani Mayosi wa Cape Town na wenzake, wa 2014: wagonjwa 1,400, nchi 8 za Afrika, Kenya ikiwemo. Swali lao ndilo langu: je, prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, inasaidia? Vifo havikupungua. Ila kwa waliopewa, waliokakamaa mfuko walikuwa 4.4 kwa kila 100, dhidi ya 7.8 kwa wasiopewa. Saratani nayo ikaongezeka, zaidi kwa wenye virusi. Mzee amepewa, ya wiki sita. Hata mimi ningempa. Maji hayanitishi tena, naogopa kovu. Mfuko ukishakakamaa vidonge haviulegezi, ni kupasuliwa kifua na kuubandua, na upasuaji huo haupo Garsen wala Hola.

Binti amepiga simu.

"Daktari, maziwa tuendelee kunywa?"

"Chemsheni."

"Baba hanywi ya kuchemsha."

TB ya ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi. Ya mzee ilitoka kwa mnyama au kwa mtu, hakuna kipimo hapa cha kunijibu. Nimesema wachemshe, na kila anayekohoa pale nyumbani aletwe.

Jumatano, 17 Julai

Amekuja mwenyewe kwa bodaboda. Tumbo limeshuka, shingo imelala. Leo dawa nne zimekuwa mbili, kwa miezi minne iliyobaki.

"Mwanangu," akaniambia, "mto umeacha majani mazuri kule chini. Ng'ombe hawangoji Novemba."

Tumebishana mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Mwisho nimempa za mwezi mmoja na barua ya zahanati iliyo karibu na malisho. Simu atakaa nayo bintiye. Uvimbe ukirudi, aje siku hiyo hiyo. Eko ya pili ni Septemba, Malindi. Nauli bado hatujaizungumza.