Nukta ya Jimu

Mashine ya leza haijui kusoma. Hupewa mchoro wa kompyuta, ikafuata mistari yake tu: wa rangi hii ikate hadi upande wa pili, wa rangi ile ichore juu juu. Mwale wake hauonekani kwa macho, lakini huunguza ubao na kugeuza akriliki kuwa mvuke.

Wanafunzi wangu wa Kiswahili hapa Uingereza walipotaka nembo ya chama chao, walichagua neno umoja, liandikwe kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika mababu wa baadhi yao Lamu na Unguja. Walitaka herufi zenyewe zikatwe, zisiwe na ubao nyuma. Hapo neno likatuonyesha maumbile yake. Alifu haiungani na herufi inayoifuata, wala wau. Hata tukiacha hamza na irabu, umoja ukikatwa husambaratika vipande vinne: alifu peke yake, mimu na wau zilizoshikana, jimu peke yake, na nukta ya jimu, ndogo kama punje ya mtama, inayopenya kwenye wavu wa meza ya mashine na kupotea.

Fundi wa karakana alishauri nukta iachwe. Aliiona kuwa pambo. Nikamweleza kwamba bila nukta jimu ni ha, na neno letu halipo tena. Ndipo mwanafunzi mmoja akauliza kwa upole, “Lakini Mwalimu, nani atasoma?”

Swali lile lilikuwa la haki. Tahajia ya Kilatini ilikuwa imekwisha kushika shule hata kabla Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 haijaisanifu, na hati za kale zikabaki mikononi mwa wachache.

Jibu la kiufundi tulilipata katika milango ya Zanzibar. Mchongaji wa nakshi hakati herufi akaitoa. Huchimba mahali palipoizunguka, nayo ikabaki imeinuka juu ya ubao uleule. Tuliiagiza leza ifanye hivyo. Nukta ikakaa tumboni mwa jimu bila kuguswa na herufi yoyote, kwa kuwa zote zina ubao mmoja chini yake.

Wengi wanaozivaa beji hizo hawawezi kuzisoma. Lakini anayeweza atasoma umoja, si jambo jingine. Na hilo ndilo deni la mwandishi kwa msomaji, hata akibaki mmoja.