Mabao Tisa ya Kazadi

Ukiwauliza vijana wa Dilala habari za makipa, watakutajia Kidiaba, na hapo hapo mmoja ataketi vumbini aanze kurukaruka kwa makalio kama yeye. Kazadi Mwamba hawamjui. Wazee wanamjua, lakini wakimtaja tu, mabao tisa ya Yugoslavia yanafuata.

Hilo linaniuma. Kazadi ndiye aliyeidakia TP Englebert, Mazembe ya leo, enzi ilipotwaa kombe la vilabu la Afrika 1967 na 1968. Machi 1974, kule Misri, akalitwaa Kombe la Mataifa na Zaire. Miezi mitatu baadaye wakaenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, wakafungwa na Uskoti 2-0 mjini Dortmund. Si aibu hiyo.

Kisha ikaja Gelsenkirchen, tarehe 18 Juni, dhidi ya Yugoslavia. Dakika ya 21, Zaire ikiwa nyuma kwa mabao matatu, kocha Vidinić akamtoa Kazadi. Vidinić, Myugoslavia aliyekuwa kipa mwenyewe ujanani! Akaingia Tubilandu, yakaongezeka sita. Sita hayo Kazadi hakuyadaka wala hakuyakosa, ila watu humtwisha yote.

Uskoti nao walikuwa na kipa, David Harvey. Mechi tatu, alifungwa bao moja tu, na timu haikupoteza hata mchezo mmoja. Ila katika mechi ya mwisho ya kundi lao, Brazil ilihitaji kuifunga Zaire kwa tofauti ya mabao matatu ili kuwapita, na dakika ya 79 shuti la Valdomiro likapenya chini ya mwili wa Kazadi. Uskoti wakafunga virago. Harvey akang'olewa na bao lililoingia goli la mwenzake, mji mwingine kabisa. Sijui kazi nyingine ambayo mtu hufilisika kwa deni la jirani namna hii.

Kazadi alifariki miaka ya tisini, hata sitini hajafika.

Juzi, kwenye uwanja wa vumbi, nilimsimulia hayo kijana mmoja anayedaka kwa glavu za mgodini, vidole vyake vikiishia nusu ya ngozi. Alisikiliza huku akivuta kamba aliyozifungia kifundoni.

“Na alipotolewa, mzee, aliacha mpira?”

Nikamwambia hapana. Siku nne baadaye alikuwa golini tena, mbele ya Brazil.